uni-assist kwa mwombaji wa uzamili aliyechelewa: tathmini ya huduma

Mwenye shahada ya kwanza ya nje ya Ujerumani anayetaka kusoma uzamili huko, mara nyingi hakutani na chuo kwanza. Anakutana na uni-assist. Hili ni shirika lililoanzishwa mwaka 2003, makao yake yako Berlin, na linahudumia vyuo vikuu vipatavyo 170. Linapokea maombi, linakagua vyeti, linageuza alama ziwe za Kijerumani, kisha linalipeleka faili chuoni. Haliamui nani apate nafasi, kwani uamuzi huo ni wa chuo. Lakini faili lisilotimiza masharti ya msingi laweza kuishia mezani kwao lisifike mbali.

Kwa aliyewahi, ni huduma ya kutegemewa. Hati zinapakiwa mara moja na kutumika kwa kozi kadhaa, ada inajulikana mapema, na pakiwa na pengo katika faili, mwombaji huandikiwa. Tathmini hii haimhusu huyo. Inamhusu aliyebakiza wiki mbili, siku tano, au usiku mmoja.

Tuanze na muda, maana hapo ndipo watu wengi wanapoelewa vibaya. uni-assist wanashauri ombi lifike angalau wiki 8 kabla ya siku ya mwisho. Ukaguzi wenyewe huchukua kama wiki 4 hadi 6 tangu hati na ada zipatikane. Aliyebakiza wiki tatu akisoma hivyo hufunga kompyuta na kusema basi, hadi mwaka ujao. Anajinyima bure. Kinachoangaliwa ni ombi kuingia likiwa kamili kabla ya siku ya mwisho, na ukaguzi unaweza kuendelea baada ya siku hiyo kupita.

Alichokosa aliyechelewa ni kitu kingine: nafasi ya kusahihisha. Zile wiki 8 zipo ili mkaguzi alifungue faili, aone kwamba ukurasa wa pili wa matokeo haupo, akuandikie, nawe uulete wakati mlango ungali wazi. Ombi lililotumwa wiki ya mwisho halitafunguliwa na mtu kabla ya siku ya mwisho. Upungufu uliomo unabaki humo. Ujumbe wa kukuarifu utakuja, ila utakuja Agosti kuhusu mlango uliofungwa Julai, na siku ya mwisho haisogei kwa sababu wao wamechelewa kukuandikia. Kwa hiyo aliyechelewa hahitaji mbio za kujaza fomu, ambayo inajazika jioni moja. Anahitaji faili lisilohitaji kuulizwa swali hata moja.

Siku za mwisho hupangwa na vyuo, si na uni-assist. Tarehe zilizozoeleka ni 15 Julai kwa muhula wa baridi na 15 Januari kwa muhula wa kiangazi, lakini kozi nyingi za uzamili hufunga mapema zaidi, nyingine Machi, nyingine Mei. Usichukue tarehe kutoka kwa rafiki aliyeomba chuo hichohicho kozi tofauti. Fungua ukurasa wa kozi yenyewe, kisha hakikisha kwamba tarehe iliyo humo inahusu waombaji wenye vyeti vya nje, kwa kuwa chuo kimoja kinaweza kuwa na tarehe mbili kwa kozi moja: moja ya waliosoma Ujerumani na nyingine, ya mapema, ya wengine. Hesabu pia saa. Siku inaisha saa 6 usiku ya Ujerumani, ambayo Julai iko saa 2 mbele ya saa ya dunia ya UTC, na Januari saa 1.

Kuhusu pesa, mpangilio wao uko wazi na ni wa haki. Kozi ya kwanza ni yuro 75, na kila kozi ya ziada katika muhula huohuo ni yuro 30, hata ikiwa ya chuo kingine. Kozi tatu ni yuro 135. Muhula ukibadilika, hesabu inaanza upya kwa 75. Ada hairudishwi ukikataliwa, na hapa aliyechelewa huumia kwa namna yake: kwa hofu anaongeza kozi ya nne na ya tano, anatumia siku mbili kujaza maswali ya kila moja, na hakuna hata moja inayokamilika. Ukiwa na siku kumi, kozi mbili zilizokamilika zina thamani kuliko tano zenye mapengo.

Ukaguzi hauanzi kabla ada haijapokelewa, basi chukulia kwamba siku ya mwisho ya hati ndiyo siku ya mwisho ya ada. Kulipa kwa kadi ndani ya akaunti ndiko kunakomfaa aliyechelewa. Uhamisho wa benki kutoka nje ya eneo la yuro huchukua siku kadhaa, na benki za katikati huweza kukata makato yao njiani, ukatuma 75 ikafika pungufu. Ikibidi kutumia benki, agiza makato yote yawe juu ya mtumaji, na andika namba yako ya mwombaji kwenye sehemu ya maelezo ya malipo. Malipo yasiyo na namba hiyo ni pesa iliyofika bila mwenyewe. Mtu mwingine akikulipia si tatizo, mradi namba iwe yako.

Sasa hati, ambako ndiko maombi ya dakika za mwisho yanakofia.

La kwanza linalosahauliwa ni cheti cha sekondari. Mwombaji wa uzamili huona ajabu kuulizwa cheti cha shule wakati ana shahada, anakiacha. uni-assist hukitaka, pamoja na matokeo ya kila somo, kwa sababu wanakagua njia nzima iliyokufikisha chuo kikuu. Kama cheti kiko kwa mzazi au kwenye kabati la mbali, hiyo ndiyo simu ya kwanza ya kupiga, kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa barua ya nia.

La pili ni nakala ya matokeo ya chuo, na hasa upande wake wa nyuma. Vyuo vingi huchapa mfumo wa alama nyuma ya karatasi: alama ya juu kabisa ni ipi, ya chini ya kufaulu ni ipi, A ni kuanzia ngapi. Watu huskani mbele tu. Bila mfumo huo mkaguzi hawezi kugeuza alama zako kwa uhakika, na kanuni inayotumika inaonyesha kwa nini. Inaitwa kanuni ya Bavaria iliyorekebishwa: chukua alama ya juu kabisa utoe alama yako, gawanya kwa alama ya juu kabisa kutoa alama ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, kisha ongeza 1. Kwa Wajerumani 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu.

Mwenye wastani wa 3.6 katika mfumo wa 5.0 ambao kufaulu kunaanzia 2.0, anapata 2.4. Hilo ni jema, kwani kozi nyingi huweka kikomo cha 2.5. Sasa chukua mwenye asilimia 65. Kama chuo chake kinahesabu kufaulu kuanzia 50, anapata 3.1. Kama kinahesabu kuanzia 40, anapata 2.75. Alama ni ileile, mwanafunzi ni yuleyule, ila mstari mmoja wa maandishi nyuma ya karatasi umebadilisha matokeo. Fanya hesabu hii mwenyewe kabla ya kulipa chochote. Ikikuonyesha 3.1 na kozi inataka 2.5, umeokoa yuro 75 na usiku mzima. Na kama nakala yako haionyeshi mfumo wa alama popote, omba ofisi ya msajili wa chuo chako barua fupi yenye mhuri inayoueleza. Barua hiyo iombwe siku ya kwanza, kwani kasi ya ofisi ya msajili haiko mikononi mwako.

La tatu ni lugha ya hati. Hati zilizo kwa Kijerumani au Kiingereza kwa kawaida hupokelewa zilivyo. Zilizo kwa lugha nyingine huhitaji tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa, nayo hupakiwa pamoja na hati asilia. Kupakia tafsiri peke yake ni kosa la mara kwa mara. Mkaguzi anahitaji kuona zote mbili, kwa sababu tafsiri haisimami badala ya cheti.

La nne ni namna ya kuskani. Skani hati halisi, kwa rangi, kurasa zote kwa mpangilio, hata ukurasa wenye mhuri peke yake. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono au kona iliyokatika inaweza kukurudisha nyuma, nawe huna muda wa kurudishwa. Jina nalo liangaliwe: likiwa limeandikwa kwa mpangilio tofauti katika pasipoti na cheti, au limebadilika baada ya ndoa, weka hati inayounganisha majina hayo.

Cheti cha mtihani wa lugha kinahitaji maneno zaidi kidogo, kwa kuwa hakiwezi kuharakishwa kama vingine. Baadhi ya kozi huruhusu kiletwe baadaye, nyingine hazipokei ombi bila hicho. Matokeo ya IELTS na TOEFL, mitihani ya Kiingereza, huhesabiwa kuwa hai kwa miaka 2, kwa hiyo cheti cha zamani kidogo kikague tarehe. Barua ya chuo inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza hukubaliwa na baadhi ya kozi na kukataliwa na nyingine, na jibu liko kwenye ukurasa wa kozi, si kwa uni-assist. Ukiona kozi inadai cheti siku ileile ya mwisho na wewe huna, iache, tafuta nyingine. Kuomba hivyohivyo kwa matumaini ni kutoa sadaka ya yuro 75.

Baadhi ya vyuo bado vinataka nakala zilizothibitishwa kwa mhuri na kutumwa kwa posta. Kwa vyuo vya namna hii, aliyechelewa afikirie mara mbili. Nakala ikithibitishwa na mtu asiyetambuliwa, au barua ikikwama njiani, hakuna cha kufanya. Vyuo vilivyo vingi huridhika na hati zilizopakiwa mtandaoni, na hivyo ndivyo vya kukimbilia.

Kuna kitu kingine kinachowapoteza hata waangalifu, nacho ni VPD, kifupi cha Vorprüfungsdokumentation. Kwa vyuo vinavyoitumia, uni-assist hawalipeleki ombi lako chuoni. Wanakagua vyeti, wanageuza alama, kisha wanakupa wewe hati ya ukaguzi huo. Ombi la nafasi unalituma mwenyewe kwenye mfumo wa chuo. Maana yake una saa mbili zinazokimbia kwa pamoja: saa ya VPD na saa ya chuo. Anayetuma hati uni-assist wiki mbili kabla ya chuo kufunga, VPD yake itatoka chuo kikiwa kimeshafunga. Hapa ndipo ushauri wa wiki 8 unapogeuka kuwa sharti. Baadhi ya vyuo huruhusu uombe kwanza na kuleta VPD baadaye, basi andikia ofisi ya udahili ya chuo swali moja la sentensi moja, ukitaja jina la kozi na muhula, na subiri jibu la maandishi. Kosa kubwa zaidi ni la yule anayepata VPD akafurahi, akidhani ameomba, kumbe chuo hakimjui kabisa.

Mfumo wao wa mtandaoni, My assist, ni mwepesi kutumia kuliko sifa yake. Unafungua akaunti, unachagua kozi, unajibu maswali ya elimu yako, unapakia hati, unatuma, unalipa. Dosari inayomgusa aliyechelewa ni kwamba kuchagua kozi na kupakia hati hakujawa kutuma. Ombi laweza kukaa humo likiwa limejazwa lote, mwenyewe akaenda kulala kwa amani, huku halijatumwa. Baada ya kutuma, hakikisha hali ya ombi inaonyesha limetumwa, na uhifadhi uthibitisho wenye tarehe na saa. Na majibu kuhusu elimu yako yasomwe mara ya pili kabla ya kutuma: miaka ya kuanza na kumaliza ilingane na vyeti, na jina la shahada liandikwe kama lilivyo kwenye cheti, si kama unavyolitamka.

Kwa aliyebakiza siku kumi, mpangilio unaofaa ni huu. Siku ya kwanza ni ya kuomba vitu vilivyo mikononi mwa wengine: cheti cha sekondari, barua ya mfumo wa alama, tafsiri, barua za mapendekezo kama kozi inazitaka. Siku hiyohiyo fanya hesabu ya alama na usome ukurasa wa kozi hadi chini, pamoja na faili za PDF zilizofichwa pembeni, maana kozi nyingi za uzamili hutaka fomu yao wenyewe ya kulinganisha masomo uliyosoma na yale wanayoyataka. Fomu hiyo hula muda kuliko zote. Unatakiwa uonyeshe, kwa mfano, hisabati kiasi fulani na takwimu kiasi fulani, na anayeijaza kwa haraka huacha masomo aliyosoma kwa jina tofauti. Mpe mkaguzi maelezo mafupi ya somo kutoka kwenye mtaala wa chuo chako. Siku za katikati ziwe za fomu hii na barua ya nia. Siku ya saba tuma na ulipe kwa kadi. Siku tatu zilizobaki si za kupumzika: fungua kila faili ulilopakia, kurasa moja moja, kama mkaguzi asiyekujua. Ukikuta kosa, bado unaweza kupakia hati ya nyongeza.

Huduma kwa mwombaji ndiyo sehemu dhaifu. Kuelekea Julai foleni ni ndefu, na anayetuma barua pepe siku tatu kabla ya mwisho asiitegemee irudi kwa wakati. Majibu yao ni ya kweli ila ni ya jumla, kwa kuwa masharti ya kozi si yao. Swali kuhusu hati, ada au hali ya ombi lipeleke kwao. Swali kuhusu sharti la kozi au tarehe lipeleke chuoni. Kuwaomba uni-assist wakuongezee muda ni kugonga mlango usio na mtu ndani.

Ujumbe mmoja wao huwachanganya wengi: ule wa kusema ombi limepelekwa chuoni. Huo si udahili. Unasema tu kwamba umevuka ukaguzi wa awali. Barua ya udahili hutoka chuoni kwenyewe, wiki kadhaa baadaye.

Na kama siku imeshapita? Kozi ile imekwenda, lakini muhula haujaisha. Kozi zisizo na kikomo cha nafasi mara nyingine hufunga baadaye kuliko zenye ushindani, na vyuo vingine hupokea maombi kwa mfumo wao bila kupitia uni-assist kabisa. Baraza la marekta wa vyuo vikuu vya Ujerumani, HRK, lina orodha ya nafasi zilizobaki mtandaoni, inayofunguliwa 1 Agosti hadi 31 Oktoba kwa muhula wa baridi na 1 Februari hadi 30 Aprili kwa muhula wa kiangazi. Ina kozi za uzamili pia. Kabla ya kushangilia, soma kama nafasi husika inapokea waombaji wa nje ya Umoja wa Ulaya, kwani si zote zinazowapokea. Muhula wa kiangazi ni njia nyingine, ingawa kozi nyingi za uzamili huanza muhula wa baridi tu.

Anayehitaji viza ana hesabu moja zaidi, ambayo uni-assist hawaigusi. Muhula wa baridi katika vyuo vikuu huanza rasmi 1 Oktoba na mihadhara katikati ya mwezi huo. Vyuo vya sayansi tumizi huanza 1 Septemba. Ombi la Julai huleta barua Agosti au Septemba, na viza ya masomo huchukua wiki hadi miezi. Kuingia kwa viza ya utalii ili ubadilishe ukifika hakukubaliki. Ipo viza ya mwombaji wa masomo, ya hadi miezi 9, inayompa mtu nafasi ya kukamilisha udahili akiwa Ujerumani, nayo inafaa kuulizwa ubalozini. Ushahidi wa fedha, ambao wengi huutoa kwa akaunti iliyozuiwa, yaani ya benki ambayo pesa zake hutolewa kwa kiasi maalumu kila mwezi, umekuwa yuro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi, tangu Septemba 2024. Kuhamisha kiasi hicho na kupata uthibitisho wa benki nako kunakula siku.

Ndiyo maana taarifa za miadi ya ubalozi na masharti ya akaunti hiyo zitafutwe wiki ileile ombi linapotumwa, bila kusubiri jibu. Muulize pia chuo, kwa maandishi, siku ya mwisho kabisa ya kujisajili kwa mwanafunzi anayechelewa kwa ajili ya viza. Vyuo vingi havikushikii nafasi hadi mwaka unaofuata. Tarehe hiyo ikipita unaomba upya, kwa yuro 75 nyingine.